Siku mbili Dar es Salaam: kuzunguka kote au kutembea mjini?

Wageni wengi wanaokuja Dar es Salaam kwa harusi, kwa matibabu au kwa maonesho ya Sabasaba hubakiwa na siku moja au mbili kabla ya kurudi kwao, na sisi wenyeji huulizwa wapi pa kwenda kuiona historia ya mji huu. Majibu yetu hugawanyika. Wapo wanaowapangia wageni safari ndefu inayoanzia Makumbusho ya Taifa, ikapitia Kijiji cha Makumbusho na magofu ya Kunduchi na, gari likiwepo, ikaishia Bagamoyo, umbali wa kilomita 70 hivi. Wengine humshauri mgeni abaki katikati ya mji na atembee kwa miguu. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sharti moja ambalo wengi wao hulisahau.

Hoja ya safari ndefu haifai kubezwa. Mtu anayetoka Kigoma au Songea na watoto wake huenda asirudi Dar kwa miaka mingi, na si rahisi apate mahali pengine nyumba za asili za makabila mbalimbali zikiwa pamoja kama zilivyo pale Kijiji cha Makumbusho tangu mwaka 1966. Hoja nzito zaidi ni ya Kunduchi. Anayebaki mjini anaweza kuondoka akiamini kwamba historia ya pwani hii ilianza katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima, ilhali Kunduchi kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China, ambayo yalikuwepo muda mrefu kabla ya Majid.

Tatizo ni kwamba siku ya safari hiyo huliwa na foleni. Mgeni hushuka, hupiga picha, hupanda tena, na jioni hukumbuka zaidi joto la ndani ya gari kuliko alichokwenda kukiona. Mjini, kwa upande mwingine, vitu vimekaribiana. Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe lililobaki tangu zama za Majid, liko hatua chache tu kutoka wanakopandia boti za Zanzibar, na kila siku mamia ya abiria hulipita na mizigo yao bila kugeuza shingo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote ya enzi ya Wajerumani, yako kando ya bandari hiyo hiyo.

Sharti langu linatokana na hapo hapo. Njia hii fupi, ikiishia kwenye majengo hayo, inakuwa historia ya waliotawala peke yake: Sultani, Mjerumani, kisha Mwingereza. Nililiona hilo nilipomtembeza mpwa wangu. Tulisimama kwenye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani, na bunduki ya askari huyo yenye singe imeelekezwa bandarini. Akasoma maandishi ya Kiswahili yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, akaniuliza, "Mjomba, hao wapagazi walikuwa wanalala wapi?"

Jibu halikuwa mbali. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kutoka kwenye sanamu hadi huko ni mwendo usiofika nusu saa. Katikati kuna viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo Waingereza waliviacha wazi makusudi ili kuitenga Uswahilini na Uhindini. Ukivivuka unakutana na Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mgeni anayerudi hotelini kutoka kwenye sanamu bila kuvuka uwanja huo ameuona mji kama waliougawa walivyotaka uonekane. Kwa hiyo nawaambia waanze asubuhi mapema pale Boma kabla jua halijawa kali, wapite makanisani bila haraka, na saa sita iwakute Kariakoo, kwenye soko alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970.

Mwenye siku ya pili aende Kunduchi, alfajiri, kabla ya magari kujaa, kwa sababu hoja ile ya makaburi sijaweza kuipinga. Makumbusho ya Taifa, linakotunzwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, ayaweke alasiri, saa ambazo jua la nje halivumiliki. Bagamoyo naiondoa kabisa katika ratiba ya siku mbili. Ina Boma lake, ina magofu ya Kaole, na inastahili safari yake yenyewe, ya kulala huko huko.