Boom Lilipotoka, Kitufe cha Kijani Kikasifiwa

Mwaka jana kikundi cha wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kilisimama mbele ya darasa kuelezea mradi wao, programu ya kuagizia chakula kantini. Walikuwa wamebadilisha kitufe cha kuagiza, kikatoka bluu kikawa kijani, na ndani ya wiki moja oda zikakaribia kuongezeka maradufu. Darasa likapiga makofi. Nikauliza: wiki ipi hiyo? Binti mmoja wa safu ya nyuma akawahi kujibu: "Mwalimu, si ile wiki boom lilipotoka?"

Kimya. Boom ni fedha za kujikimu wanazopata wanafunzi wa chuo kutoka kwenye mkopo wao. Wiki ile hata kitufe kingekuwa cheusi, wali kuku ungeisha kabla ya saa saba mchana.

Siwalaumu vijana wale. Tumewafundisha kuandika programu na kuhakikisha haikwami. Kujua kama mabadiliko waliyoyafanya yamemsaidia mtumiaji, hilo hatujawafundisha. Takwimu walizisoma mwaka wa kwanza kwa mifano ya mbolea na mahindi, wakafaulu mtihani, wakazisahau. Naamini kabisa kwamba majaribio linganishi yanapaswa kufundishwa ndani ya somo la uhandisi wa programu lenyewe, kwenye mradi ambao mwanafunzi ameutolea jasho. Kanuni yake inaeleweka upesi: wateja wagawanywe kwa kubahatisha, kama kwa kurusha sarafu, nusu waone kitufe cha zamani na nusu kipya, siku zilezile. Boom likitoka, limewatokea wote.

Hata wazoefu hukosea kukisia. Mwaka 2012, kwenye Bing, mtambo wa Microsoft wa kutafuta habari mtandaoni, wazo la kurefusha vichwa vya matangazo lilikuwa limewekwa kando kwa miezi kadhaa, likionekana halina uzito. Mhandisi mmoja akaliingiza kwenye jaribio. Mapato yalipanda kwa asilimia 12, zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka Marekani peke yake. Ron Kohavi, aliyeongoza majaribio hayo Microsoft, ameeleza kwamba takriban theluthi moja tu ya mawazo waliyoyapima ndiyo yaliyoleta faida iliyokusudiwa.

Darasani, hata hivyo, mimi huanza na sarafu ya shilingi 200. Kila mwanafunzi anairusha mara 20 na kuhesabu mara ngapi upande wa simba umetokea. Katika darasa la watu 40, si ajabu kumpata mmoja mwenye simba 15 au zaidi. Muhula uliopita alikuwa kijana mmoja mpole wa mbele. Wenzake wakaanza kuikagua sarafu yake, wakaipima hata uzito kwa viganja. Nikamwambia arushe tena mara 20. Simba tisa. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba ukipima vitufe 20 visivyo na tofauti yoyote kwa kigezo cha asilimia 5, yaani ukikubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana "mshindi" ni karibu asilimia 64. Wanaelewa, kwa sababu wamemwona simba kwa macho yao.

Kisha inakuja hesabu inayowauma. Ikiwa watu 5 kati ya 100 wanaofungua programu ndio wanaoagiza, na unataka kutambua ongezeko la kufikia 5.5, unahitaji watu kama 30,000 kwa kila kundi. Kantini yetu haina watu hao. Wapo wanaosema basi somo halituhusu. Mimi naona linatuhusu zaidi, maana mwenye watumiaji wachache ndiye anayedanganyika upesi. Na wafundishwe pia kuwaheshimu hao wanaopimwa: jaribio la Facebook la mwaka 2012, lililogusa hisia za watu 689,003 bila kuwaarifu, ninalitengea kipindi kizima.

Wale wa kantini walirudia jaribio lao, safari hii kwa kubahatisha, wiki nne. Ripoti yao ilimalizika hivi: "Hatukuona tofauti ya kutosha kusema kijani ni bora. Watumiaji wetu ni wachache mno." Niliwapa A.