Kupata Mshipa Si Kumaliza Kazi

Katika wodi nyingi, mwanafunzi wa uuguzi husifiwa kwa jambo moja: kupata mshipa kwa mchomo wa kwanza. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kwa maoni yangu imetupotosha sisi tunaofundisha, kwa sababu mgonjwa na mhudumu huweza kuumizwa zaidi na yale yanayofanyika kabla ya sindano kuingia na baada ya kutoka.

Mtazame mwanafunzi anayeharakishwa. Amefunga glovu juu ya kiwiko cha mgonjwa kwa kuwa mpira wa kufungia mkono haukuonekana, amepangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, kisha anapagusa tena palepale kwa kidole ili kuutafuta mshipa, na kuchoma kabla ngozi haijakauka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unaelekeza ngozi ipanguswe kwa alkoholi ya asilimia 70 kwa sekunde 30, iachwe ikauke kwa sekunde nyingine 30, wala isiguswe tena. Ni dakika moja tu, na sijawahi kuona wodi ambayo kweli haikuwa nayo. Wapo pia wanaokata ncha ya glovu ili wausikie mshipa vizuri, na kidole hicho kinachoachwa wazi ndicho kilicho karibu zaidi na sindano.

Makosa mengine hayaonekani kitandani, huonekana kwenye majibu ya maabara. Damu ikichukuliwa kwenye mkono unaopitisha dripu ya glukosi, sukari husomeka juu kuliko ilivyo. Damu ya chupa yenye kifuniko cha zambarau ikimiminwa kwenye chupa nyekundu iliyopungukiwa, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo katika ile ya zambarau hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu, na daktari anaweza kutibu tatizo ambalo mgonjwa hana. Kwenye kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa mshipani kwa sindano na kuachwa humo, mwanafunzi akishaona damu imerudi hupaswa kulaza sindano kidogo, aisogeze kwa milimita chache, kisha asukume plastiki peke yake. Akiirudisha sindano ndani ya plastiki iliyokwisha kusukumwa anaweza kuikata, na kipande kikachukuliwa na damu.

Ndiyo maana nasema mwanafunzi azoee kwanza mkono wa plastiki, tena kwa hatua zote, kuanzia kunawa mikono hadi kuandika jina kwenye chupa akiwa bado kando ya kitanda. Akifika kwa mgonjwa, aamkie, ajitambulishe kuwa ni mwanafunzi, aombe ruhusa. Bibi aliyeamkiwa shikamoo na kuelezwa kitakachofanyika hutulia, na mkono uliotulia ni rahisi kuchoma. Akikosa mara mbili, amwite mwenzake mzoefu, na asionekane dhaifu kwa kufanya hivyo.

Kisha kuna sindano iliyokwisha kutumika. Sanduku la kutupia vyenye ncha kali liwe karibu na mkono kabla ya kuanza, lifungwe likijaa robo tatu, na sindano isirudishiwe kifuniko. Anayejichoma na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban 3 kwa 1,000, na dawa za kinga zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Mwanafunzi anayeficha tukio kwa kuogopa kufokewa anazipoteza saa hizo, na lawama ni ya aliyemfanya aogope.

Homa ya ini aina ya B ni hatari zaidi: kwa asiyechanjwa, uwezekano unaweza kufika 30 kwa 100. Chanjo ipo, lakini dozi zake tatu kwa kawaida huchukua miezi 6. Chuo kinachosubiri hadi wiki ya kwenda wodini kimeshachelewa. Dozi ya kwanza itolewe mwanafunzi anapojisajili.