Kurefusha ndege si kosa, kumficha rubani ndilo kosa

Tangu ajali ya Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines ya Machi 10, 2019, ikitajwa ndege mpya iliyotokana na muundo wa zamani, wengi hapa Kampala huingiwa na hofu. Nawaelewa. Kati ya watu 157 waliokufa karibu na Bishoftu alikuwemo Christine Alalo, ofisa wetu wa ngazi ya juu wa polisi aliyekuwa akihudumu na Umoja wa Afrika nchini Somalia. Ila kinachostahili kuogopwa ni kitu kingine kabisa.

Chukua ndege za Uganda Airlines zinazopaa kutoka Entebbe. CRJ900 imetokana na Challenger, ndege ya matajiri iliyoruka kwanza mwaka 1978, ikarefushwa hatua kwa hatua. A330-800 ina injini mpya, lakini upana wa kiwiliwili chake ni ule ule wa A300 ya mwaka 1972. Mimi nazipanda bila wasiwasi. Muundo wa miaka mingi umeshaonyesha udhaifu wake na kurekebishwa.

Sasa njoo kwenye Boeing 737. Ya kwanza iliruka mwaka 1967, ina urefu wa mita 29 hivi, tena iko chini karibu na ardhi ili mizigo ipakiwe kirahisi. MAX 10, ndefu kuliko zote za kizazi kipya kiitwacho MAX, inakaribia mita 44. Injini kubwa za MAX hazikupata nafasi ya kutosha chini ya bawa, zikasogezwa mbele na juu. Pua ikawa inapenda kuinuka katika hali fulani, basi ikawekwa programu ya kuishusha, MCAS. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ila programu hiyo ilisikiliza kihisi kimoja tu, nguvu yake ya kuinamisha bawa la mkia ikaongezwa kutoka nyuzi 0.6 hadi 2.5, na marubani hawakuambiwa kwamba ipo! Mafunzo ya ziada kwenye mashine ya kuigiza urukaji yangeongeza gharama. Boeing ilikuwa imeliahidi shirika la ndege la Marekani, Southwest, punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo yangehitajika.

Fikirieni marubani wale wa Ethiopian waliopaa kutoka Addis Ababa. Walikata umeme wa mfumo unaoinamisha pua, wakajaribu kulizungusha kwa mkono gurudumu lililo kando ya viti vyao. Kwa kasi ile halikuzunguka. Dakika sita tangu kupaa, yote yalikuwa yamekwisha. Chini ya miezi mitano kabla, Lion Air ya Indonesia ilikuwa imepoteza watu 189 kwa programu hiyo hiyo, na bado ndege ziliachwa ziruke.

Ndiyo maana siridhiki nikiambiwa cheti cha usalama cha ndege kinachotolewa na Marekani kinatosha. Baada ya ajali ya pili, China ilizizuia ndege hizo kabla ya Marekani, iliyongoja hadi Machi 13. Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga nayo imdai mtengenezaji orodha ya kila kitu kinachoweza kusogeza usukani bila amri ya rubani, na saa za mafunzo ziamuliwe hapa. Wataalamu wa kuisoma orodha hiyo tunao. Chuo cha marubani cha Soroti kipo tangu 1971. Tuanze na ndege inayofuata kununuliwa, kabla mkataba haujasainiwa.