Mgongo ukiuma, picha ya nini?

Mgonjwa wa mgongo utamjua kwa bahasha kubwa ya kahawia aliyoibana kwapani. Ndani mna eksirei, au picha za MRI (zile za mashine ya sumaku) kwa mwenye bima na kwa yule aliyelazimika kuuza mbuzi. Akikutana na jamaa yake huichomoa filamu, huinyanyua kwenye mwanga na kuonyesha kwa kidole: "Si unaona, pingili zimesagika." Na kweli karatasi ya majibu imeandika hivyo. Lakini je, huko kusagika ndiko kunakomuuma?

Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za MRI na za CT (eksirei za kompyuta) za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa, yaani vile vibandiko laini vilivyo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Ukimkuta mzee wa umri huo ana diski nzima zote, huyo ndiye wa kushangaza. Tena eksirei, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, haionyeshi diski wala mishipa ya fahamu. Inaonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake, na mionzi ya eksirei ya kiuno ni zaidi ya mara kumi ya ile ya kifua.

Wanaoipinga picha ya haraka wana hoja nyingine nzito. Uingereza, katika eneo la Nottingham na majirani zake, wagonjwa 421 wa mgongo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapigwa eksirei, wengine wakapewa huduma ya kawaida tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2001. Baada ya miezi mitatu, waliopigwa picha ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kulalamika maumivu, na wengi zaidi kati yao walirudi kwa daktari. Hata hivyo, baada ya miezi tisa wao ndio waliokuwa wameridhika zaidi na huduma, na watu wanne kati ya watano katika makundi yote mawili walisema wangeruhusiwa kuchagua wangechagua picha. Mimi nalisoma jambo hili hivi: ukishaambiwa mfupa umesagika, unaanza kuinama kwa woga, unaweka jembe chini, unashinda kitandani, na mgongo usiotumika hukakamaa. Lakini walau uchungu wako umepata jina. (Na mwajiri haoni maumivu, anaona filamu.)

MRI nayo? Marekani wagonjwa 380 walilinganishwa, nusu wakipigwa MRI ya muda mfupi na nusu eksirei. Baada ya mwaka hali zao zilikaribiana sana. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa 10 upande wa MRI na 4 upande wa eksirei, tofauti ndogo ambayo huenda ni bahati tu, ila inatia shaka.

Basi tuseme picha ziachwe? Hapo nasita. Miongozo inayosema "subiri wiki sita" kabla ya kupiga picha, mingi imeandikwa kwenye nchi ambako kifua kikuu ni nadra. Kwetu hakishambulii mapafu peke yake. Huingia kwenye pingili, huzila polepole, na mgonjwa anayechuliwa kwa mafuta miezi mitano huja kuletwa akiwa na kibyongo au miguu imepooza. Dawa zake Tanzania hutolewa bure, lakini miguu iliyokwishapooza haina hakika ya kurudi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo MRI ni ya lazima, kwa kuwa eksirei huweza kuonekana safi mpaka mfupa mwingi uwe umeshaliwa. Hivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua saratani, na kwa aliyeanza kupata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo. Huyu wa mwisho hasubiri hata kesho.

Kuwatenga hawa na wengine ni kazi ya mikono na masikio. Mtembeze kwa visigino, kisha kwa vidole. Mnyanyue mguu ukiwa umenyooka. Gonga pingili moja moja. Muulize habari za homa, jasho la usiku, uzito na haja ndogo. Ni dakika kumi. Daktari mwenye watu sitini kwenye benchi hana dakika hizo, naye huandika "eksirei ya kiuno" kwa nusu dakika. Simlaumu sana, ila hapo mashine imewekwa mahali pa mikono. Na yule anayekataa kuandika picha bila kumgusa mgonjwa, kisa kasoma kwamba picha hazisaidii, kosa lake ni lile lile, tena limegeuzwa upande wa hatari zaidi.

Ukitaka kujua ni daktari wa aina gani, tazama ile fomu ya kuombea picha, kwenye mstari wa maelezo ya mgonjwa. Mara nyingi huandikwa "maumivu ya mgongo", basi. Msomaji wa picha hapo hana la kutafuta, ataorodhesha kila kilichochakaa. Angeandikiwa "homa za jioni wiki nane, amepungua kilo sita, pingili moja inauma ikigongwa", angejua pa kuanzia kutazama.