Jamestown: uvivu au maji?

Walowezi 104 wa Kiingereza, wanaume na wavulana, waliachwa Jamestown, Virginia, katika Amerika Kaskazini, mwaka 1607. Kufikia Januari 1608 walikuwa wamebaki 38. Lawama iliyozoeleka ni uvivu: karibu nusu yao walikuwa mabwana wasiozoea jembe.

Lawama hiyo ina mashiko. Chakula kilitoka ghala moja, aliyelima na aliyelala wakapata sawa. Thomas Dale, mtawala wa koloni, alipowagawia walowezi wengi ekari 3 kila mmoja, mnamo 1614, kazi ilichangamka.

Lakini tuyatazame maji. Mto James pale hujaa na kupwa pamoja na bahari. Kiangazi maji matamu kutoka bara hupungua, na chumvi hupanda hadi kisiwa cha Jamestown. George Percy, mlowezi aliyekuwepo, aliandika kwamba yakijaa yalikuwa na chumvi kali, yakipwa ni tope na uchafu. Vinyesi navyo haviondoki. Mawimbi ya kujaa na kupwa huvirudisha palepale. Hayo ndiyo waliyokunywa. Kisima cha ngome kilichimbwa baadaye. Mgao wa siku ulikuwa nusu painti ya ngano na nusu ya shayiri, nafaka iliyojaa funza baada ya wiki 26 melini. Mtu anayehara damu, mwili umevimba, msimamizi atamwita mvivu.

Na mahali hapo palichaguliwa kinyume cha maagizo. Kampuni ya Virginia ya London, iliyowatuma, ilikataza ardhi ya chini yenye unyevu. Viongozi wakavutiwa na kina cha maji ukingoni, hata meli zikafungwa kwenye miti.

Kisha ukame. Pete za miti ya kale ya misipresi zaonyesha kuwa 1606 hadi 1612 ilikuwa miaka saba mikavu kuliko yote kwa zaidi ya karne saba. Wapowhatan, wenyeji wa eneo hilo, wenyewe walipungukiwa mahindi, hivyo kuwadai chakula kukawa kuwachokoza. Majira ya baridi ya 1609–1610 waliizingira ngome. Waliokuwa ndani walikula farasi, mbwa, panya, ngozi za viatu. Fuvu la msichana wa miaka kama 14, lililofukuliwa 2012, lina alama za kisu, ishara kwamba maiti yake ililiwa. Ingawa walowezi wapya walikuwa wamefika tangu 1608, wakabaki takriban 60.

Ukame pia hautoshi kueleza yote. Majira yaliyofuata Percy alishuka hadi ngome ndogo ya mdomo wa mto, akawakuta askari wenye afya. Kaa walikuwa wengi kiasi cha kulishwa nguruwe, na Jamestown hawakupelekewa hata mmoja.