Tumesahau Mtunya mapema hivi?

Juzi kwenye daladala ya Nkuhungu kaka mmoja aliyeketi nyuma yangu alisema wakimbizi wa Burundi na Kongo walioko kambi za Kigoma warudishwe kwao haraka, maana wakiachwa watafika mpaka Dodoma watumalizie chakula. Abiria wakaitikia. Mimi nikanyamaza mpaka nikashuka, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma hadi leo.

Mgogo amwogope mgeni kwa ajili ya chakula? Njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ilitukuta majeshi ya Wajerumani na Waingereza yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Watu walizihama tembe zao wakatembea kutafuta pa kuishi. Babu yake mama yangu alibebwa mgongoni mpaka milimani kwa Wakaguru, akalelewa na watu wasiojua hata lugha yake. Wangemfukuza, mimi nisingekuwepo.

Halafu ikaja zamu yetu. Kuanzia 1964 Kongwa, hapa hapa Dodoma, ilipokea watu wa FRELIMO ya Msumbiji, kisha wa SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Ni Kongwa hii hii kame, iliyomshinda Mwingereza kulima karanga. Na kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kondoa ilikuwa na kambi ya Wapolandi.

Mtasema wale wa Kongwa walikuwa wapigania uhuru, si wakimbizi. Sawa, walikuwa na bunduki na kambi yao. Ila nao walikuwa wamezikimbia nchi zao, na bibi yangu hakuwahi kuwaita jina jingine zaidi ya "wageni wetu".

Nakubali hayakuwa mema yote. Wapo watoto waliozaliwa pale, baba zao wakaondoka wasirudi, na mama zao wakabeba mzigo peke yao. Na kuni zinazokatwa kuzunguka kambi za Kigoma ni hasara ya kweli kwa wanakijiji. Basi tudai wanakijiji wapelekewe nishati na miche, tusidai mama mwenye kichanga arudishwe kwenye risasi.

Bibi alikuwa msichana wageni wale wa Kongwa walipofika. Anasema wawili wao waliingia uani jua la saa saba, Kiswahili hawakijui, mmoja akaonyesha mdomo kwa kidole. Maji yaliyokuwepo aliyachota korongoni tangu alfajiri, mtungi mmoja wa nyumba nzima. Akawajazia kata, wakanywa, akawajazia tena.