Mchunga Unaliwa, Msiupulizie Dawa Kimyakimya

Masika yanapoanza, shamba langu la mihogo hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, hujaa mchunga kabla mihogo yenyewe haijashika vizuri. Majirani zangu wakulima huuhesabu kuwa magugu, nami siwalaumu, kwa sababu mmea huu, ambao wataalamu huuita Launaea cornuta na ambao ni wa jamii moja na alizeti, una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na jembe likiyakatakata, kila kipande chaweza kuchipua upya. Anayepalilia kwa pupa huwa kama anayeupanda.

Hata hivyo, mchunga ni mboga, na ni mboga ya watu wa huku. Wadigo huuita mtsunga, Wasambaa mshunga, na wapo wazee ambao ugali wa muhogo, yaani bada, hauwapiti vizuri bila uchungu wake pembeni. Shangazi yangu huuchuma kabla haujatoa kikonyo cha maua ya manjano, kwa kuwa baada ya hapo majani hukomaa na uchungu huzidi. Akivunja jani, utomvu mweupe kama maziwa humnata vidoleni. Huyakata majani membamba, huyachemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huyaunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi. Wapo wanaoyachemsha mara mbili tatu na kuyakamua mpaka uchungu wote uishe. Mimi naona huko ni kuiharibu mboga, kwani hata vitamini C huondoka na maji hayo. (Wanaoutumia kama dawa ya maradhi mbalimbali ni wengi, lakini mimi nautetea kwa sababu ya chakula tu, na mgonjwa asiache matibabu ya hospitali kwa ajili yake.)

Linaloniuma ni dawa ya magugu. Masika iliyopita niliwakuta kina mama wawili wakichuma mchunga pembezoni mwa shamba ambalo siku mbili kabla nilimwona mwenye shamba akilipulizia kwa bomba la mgongoni. Majani yalikuwa bado mabichi, yamesimama, yanapendeza. Hapo ndipo penye hatari: dawa zenye glifosati haziui papo hapo, bali huingia kupitia majani na kushuka hadi mizizini, na mmea unaoishi miaka mingi kama mchunga unaweza kukaa wiki nzima ukiwa kijani kabla ya kuonyesha manjano. Mchumaji hana namna ya kujua kwa macho. Nilipowaeleza, mmoja alinitazama, akauliza, "Na ule wa jana, kaka?" kisha wakamwaga kikapu kizima. Wa jana ulikwishauzwa kwa mafungu.

Sisemi kila mtu auache mchunga ummalizie mazao. Ninachodai ni kwamba anayepulizia awaambie majirani kabla, achomeke hata kijiti chenye kitambaa chekundu mpakani, na kitambaa hicho kibaki mpaka magugu yote yakauke. Aidha, anayeweza aache kipande kisichoguswa na dawa kabisa. Mimi nimeacha hatua kumi upande wa mnazi mkubwa, na kina mama wale wawili nimewaonyesha njia ya kupitia.